Viazi Mia na Ishirini

Montréal, 9 Januari 2018

Mama mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku. Goti linaendeleaje? Na masikio je, daktari amesemaje? Mimi sijambo, ila usingizi siku hizi ni wa kuibia tu. Najua simu huitaki, kwa hiyo naandika.

Mzigo nimeshautuma. Ni sanduku la kijivu, tafadhali usilifungue kwa kisu cha nyama. Ndani kuna mashine ya kuchezea gemu, na kile kidude chenye vitufe cha kushika kwa mikono miwili. Mwombe Fernande jirani aje akuunganishie kwenye televisheni, yeye ameshazoea ya wajukuu zake.

Mama, jiko lako limo! Miaka minne nakusumbua na maswali, sufuria ilikuwa na uzito gani, kuni zilipangwa wapi, sasa utaliona kwa macho yako. Ni kambi ya wakata miti, msimu wa baridi, na mchezaji anakwenda anakotaka: msituni, mtoni, zizini. Akiingia jikoni anapika kama ulivyokuwa ukipika, kwa wanaume arobaini.

Ila kuna vita hapa kazini. Wenzangu wanasema nimezidisha uhalisia. Viatu visipokaushwa mtu anaganda vidole. Ndevu zinaota, lazima azinyoe. Unga ukikandwa lazima asubiri uumuke. Wanasema mtu aliyetoka kazini hoi hataki kukaa kwenye kochi lake aanze kazi nyingine. Kinachowaudhi zaidi ni viazi, maana vinamenywa kimoja kimoja, vyote mia na ishirini. Bosi wetu, Marie-Soleil, ameniwekea kitufe cha "Ruka". Ukikibonyeza kazi inajimaliza yenyewe. Nilikasirika hadi sauti ikakauka.

Mashine kumi na mbili zimepelekwa kwa watu kumi na wawili wajaribu. Yako ni namba tisa. Nikasimama mkutanoni nikasema, "Namba tisa alikuwa mpishi wa kambi miaka tisa. Atavimenya vyote. Akiruka viazi hata mara moja, jiko lote nitalifuta kwa mkono wangu." Marie-Soleil akaandika maneno hayo.

Cheza tu, Mama. Fanya kama ulivyokuwa ukifanya.

Mwanao,
Ghislain


Macamic, 24 Januari 2018

Mwanangu Ghislain,

Barua nimeipata, na sanduku nimelipata (nililifungua kwa kisu cha nyama). Goti linauma theluji ikikaribia, na theluji haijaacha kukaribia tangu Novemba. Masikio hayana jipya. Wewe lala.

Tabernakulo! Ndiyo, nimetukana, padre hasomi barua zangu. Fernande alipowasha na mlango wa jiko ukafunguka, nilipiga ukelele mpaka akadhani nimepatwa na kiharusi. Jiko langu la kuni! Madirisha yangu! Hata misumari ya kutundikia vitambaa! Nilikaa sakafuni nikalia, na unamjua Fernande, sasa hivi mji mzima una habari.

Lakini huyo mwanamume wa kwenye gemu uliyenipa, mwanangu, ni mzigo! Nimelea watoto watatu na baba yenu, nikadhani nimemaliza, kumbe nimeletewa mwingine wa kukaushiwa soksi. Nilisahau viatu vyake mlangoni, asubuhi vidole viwili havisikii kitu. Mara ana kiu. Mara ndevu. Mara kisu kimekuwa butu. Nikamwambia, "Kunywa mwenyewe, una mikono!" Fernande alicheka mpaka akashika mbavu.

Viazi nimevimenya. Vyote mia na ishirini, kimoja kimoja. Nilifurahi sana. Waambie hao wenzako, na huyo Marie-Soleil mwambie mara mbili. Kuhusu viazi sina zaidi.

Ule chakula cha moto.

Mama yako,
Rollande


Montréal, 12 Februari 2018

Mama,

Natumaini hujambo. Mimi si mzima, na nitakueleza kwa nini.

Jana ulikuwa mkutano wa matokeo. Niliisoma barua yako kwa sauti mbele ya watu thelathini. Walizicheka zile soksi. Nilipofika "vyote mia na ishirini, kimoja kimoja", wakapiga makofi, na Marie-Soleil akafuta machozi. Mama, nilisimama pale kifua mbele, nimeshinda!

Halafu wakawasha skrini ya ukutani.

Mashine zile zinaandika kila kitufe mtu anachobonyeza. Sikukwambia, sikuona haja. Namba tisa: kiazi cha kwanza, cha pili, cha tatu. Halafu hakuna kitu. Dakika sita nzima mikono haijagusa kitufe hata kimoja. Halafu "Ruka". Ukatoka jikoni, na mpaka leo hujarudi humo tena.

Nilitamani sakafu inimeze. Barua bado nimeishika mkononi! Namba mbili, mhasibu wa Toronto ambaye nadhani hajawahi kugusa kiazi kibichi, alimenya kumi na tisa. Wewe vitatu!

Jumla ya saa kumi na moja umezimaliza unakimbiza farasi wa kukokota sleji ya theluji juu ya mto ulioganda. Na mlango wa msimamizi wa kambi umeupiga shoka mara kumi na nne, kwa nini? Usinijibu hilo.

Nijibu hili. Miaka minne unanisimulia jiko lile na uso unang'aa. Nilidhani nakurudishia kitu ulichokipenda. Nimeliwekea jiko ahadi mbele ya watu, na sasa wananidai nilifute kabla Aprili haijaisha. Kama uliichukia kazi ile, kwa nini hukuniambia? Na kama uliipenda, kwa nini uliruka?

Mwanao,
Ghislain


Montréal, 4 Machi 2018

Mama,

Wiki tatu kimya. Nimempigia Fernande, anasema u mzima, unatoka na kuingia, ila akitaja gemu unamwonyesha mlango. Samahani kwa ukali wangu. Viazi viende zao, mimi nataka kujua una nini.

Mwanao


Macamic, 18 Machi 2018

Mwanangu,

Sijambo mwilini. Barua hii nimeianza mara tano, na nne zimeishia kwenye moto.

Nilikudanganya, na ukaaibika mbele za watu kwa ajili yangu. Naona haya nilivyo mtu mzima. Nisamehe.

Sikuichukia kazi. Sikiliza. Nilikaa kwenye kile kiti, nikashika kisu, nikamenya kimoja. Nikasikia kisu, nikasikia moto, nikasikia ganda linaanguka ndooni. Umevipatia vyote, Ghislain, hata ule mlio wa ndoo. Nikamenya cha pili. Cha tatu nikasema, mbona hapa pamekufa? Nikatega masikio yangu haya mabovu, nikaongeza sauti mpaka mwisho. Hakuna mtu. Ndipo nilipoinua macho nikatazama upande wa pili wa meza, na hapo mkono wangu ukasimama.

Mwanangu, hakuna mtu aliyewahi kumenya viazi mia na ishirini. Angekufa kwa uchovu. Tulikuwa tunaongea! Tunasengenya, tunacheka, tunagombana, tunaimba vibaya, na ukishtukia ndoo imejaa. Miaka tisa sikuwahi kuhesabu kiazi hata kimoja. Kuvihesabu umenifundisha wewe.

Uliniuliza kila kilichokuwa juu ya meza ile. Hukuniuliza nani alikaa ng'ambo yake, na mimi nilishukuru Mungu hukuuliza.

Ni Jeannine. Mdogo wangu. Mama yako mdogo wa Sudbury, ambaye nyumbani hatumtaji. Tulipika pamoja miaka yote tisa, kazi sawa, jasho sawa. Maharage unayonisifia ni yake. Mimi mikate, yeye maharage.

Mwaka wa sabini na moja alikuja mtu wa gazeti na kamera. Akauliza nani mpishi hapa. Nikasema, mimi. Akauliza, na huyu je? Nikasema, huyo ni msaidizi wangu.

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Nilikuwa na aproni safi, kamera ilikuwa inanitazama, basi. Jeannine aliweka mwiko chini taratibu. Gazeti lilipotoka na picha yangu peke yangu, akafunga mzigo wake na kwenda Ontario. Kila Krismasi ananitumia kadi. Miaka arobaini na saba. Sijajibu hata moja, kwa sababu ningeanza kusema nini? Na kila ninyi watoto mlipotaka hadithi za kambini, nilizisimulia mpishi akiwa mmoja, mpaka mwenyewe nikazoea.

Sasa umenijengea jiko langu kama nilivyokusimulia. Kiti kimoja, kisu kimoja. Lilinitisha. Nilibonyeza kile kitufe ili nitoke.

Lifute tu, mwanangu. Lile ni jiko la uongo.

Mama yako,
Rollande

Mlango wa msimamizi ulistahili. Nilipaswa kuupiga mwaka wa sitini na sita.


Montréal, 25 Machi 2018

Mama yangu,

Habari za goti sikuulizi leo. Nimeisoma barua yako nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, na bado mdomo u wazi.

Jeannine! Nina miaka arobaini na mbili! Nilidhani alikuibia kitu. Kaka Mathieu siku zote anasema aliolewa na mtu mbaya, dada Odette anasema alichomwa na wivu. Tumemtungia makosa mwanamke wa watu tangu utotoni, kumbe mwenye kosa alikuwa anatugawia maharage! Maharage yake! Nimekasirika, Mama, siwezi kukuficha. Nilizunguka mtaa mara tatu ndipo nikaweza kushika kalamu. Halafu nikakufikiria umekaa dakika zile sita, na hasira ikaniishia.

Sasa kuhusu kazi. Nilikwenda kwa Marie-Soleil nikamwambia ukweli wote. Akasema, "Kwa hiyo sote tulikuwa tunagombania viazi bure." Nimetimiza nusu ya ahadi. Nimefuta kwa mkono wangu viazi mia na kumi na saba, na kunyoa ndevu, na kungoja unga. Nilipobonyeza, roho iliniuma, kisha nikashangaa kuona siumwi tena.

Vimebaki viazi vitatu na meza. Nimeweka kiti cha pili ng'ambo, na kuna mtu amekaa hapo, ila hana sura wala hana la kusema. Marie-Soleil amenipa mpaka tarehe thelathini Aprili. Nikileta maongezi, jiko linabaki. Nisipoleta, mlango wake utapigiwa misumari, na mchezaji atakula biskuti.

Ningeweza kuyatunga. Naandika maongezi ya watu kila siku. Haya siyatungi, nyumbani kwetu uongo umetosha. Nayataka kwako, na wewe peke yako huna ila nusu yake. Ndani ya bahasha nimeweka kinasa sauti kidogo: kitufe chekundu unaanza, cheusi unasimamisha. Hakina "Ruka".

Sikulazimishi. Kadi za Krismasi zina anwani.

Mwanao akupendaye,
Ghislain


Sudbury, 14 Aprili 2018

Mwanangu Ghislain,

Tu wazima. Usishangae kuona muhuri wa posta wa Ontario. Fernande aliendesha gari kutwa nzima, na kutwa nzima aliongea yeye; usiku tukalala hotelini.

Jumatano saa tatu asubuhi nilibisha. Jeannine akafungua. Amekuwa mfupi! Alinitazama kuanzia viatu mpaka kofia, akatazama nyuma yangu, akasema, "Wewe unaonekana umechoka, mama, karibu ndani." Alikuwa anaongea na Fernande! Fernande akaingia, mlango ukafungwa, nikabaki barazani kwenye theluji na mkoba wangu.

Nilishikwa na bumbuwazi. Nilisimama pale dakika ngapi sijui. Nikafikiri nirudi garini, ila funguo anazo Fernande. Basi nikapiga kelele. Kalisi, tena nimetukana, nilipiga kelele! Na kwa masikio yangu haya sijui ninapaza kiasi gani. "Jeannine! Hukuwa msaidizi wangu! Tulikuwa wapishi wawili! Nilisema uongo kwa mtu wa gazeti na nikaendelea kuusema kwa watoto wangu!" Majirani wa mtaa mzima walitoka, watu wa Kiingereza watupu, hawakuelewa hata neno la Kifaransa changu, wakasimama na vikombe vyao wakimtazama bibi kizee anayelia.

Mlango ukafunguka. Akasema, "Punguza sauti, hapa ninaheshimika." Kisha akanivuta kwa mkono wa koti.

Nilidhani atanitukana. Nilijiandaa. Hakunitukana. Alianza kunisimulia habari za yule mkata miti mrefu aliyekuwa akificha keki ndani ya kofia, kana kwamba tulikatizwa dakika tano zilizopita na mtu aliyeomba chumvi. Sijawahi kushtuka hivyo maishani mwangu. Nikamjibu, naye akanibishia, nikambishia. Kinasa sauti nilikikumbuka baada ya saa nzima, nikabonyeza chekundu. Ulichokosa umekosa.

Anasema mtu wako asiye na sura awe mnene kidogo hapa kiunoni, na meno mazuri. Anasema msiandike "jiko la Rollande" popote. Kuhusu mimi na yeye, ameniambia, "Sijakusamehe, ila kaa." Nimekaa.

Yaliyomo kwenye kinasa ni ya siku ile moja tu, na mengine padre asisikie. Unashangaa kwa nini sauti inakatika ghafla? Ni Fernande. Alikuja kusimama mlangoni akauliza kama nyumba hii ina chakula, maana nje kumeshaingia giza. Ghislain, tulitazamana. Wapishi wawili, tuliolisha watu arobaini miaka tisa, tulikuwa tumekaa pale tangu asubuhi na hakuna aliyekumbuka kula.

Mama yako,
Rollande

na mama yako mdogo,
Jeannine