Barua kwa Mama Mkwe Aliyenishikia Darubini

Mama mkwe mpendwa,

Shikamoo. Salamu hii naiandika moja kwa moja, na mkono unaona haya. Miaka yote uliyokaa kwetu hapa Rugu sikuwahi kukuita "wewe". Mkwe na mama mkwe hawatazamani wala hawashikani. Wazee walitutisha kwamba anayemgusa mama mkwe atatetemeka mikono hadi kaburini. Kwa hiyo tuliongea kupitia kwa mwanao, mke wangu Koku. Koku akiwa shambani, tuliongea kupitia kwa mbuzi.

"Mbuzi, mwambie mama chai iko mezani."

"Mbuzi, mwambie fundi baiskeli harufu ya chai nimeisikia zamani, na sukari hakutia."

Mambo ya nyumba yetu, mbuzi yule aliyajua kuliko mchungaji wa usharika.

Ulihamia kwetu macho yalipoingia ukungu, ukawa unaona tu kitu kilicho karibu na pua, tena juani. Mwaka wa themanini na sita redio ikatangaza kwamba nyota yenye mkia inarudi. Jioni ukamwambia mbuzi: "Mama yangu aliiona akiwa na mimi tumboni. Alinisimulia mpaka nikamchoka, nikasema ananidanganya. Sasa imekuja, na mimi hata paa silioni."

Sikulala vizuri siku ile. Darubini nilikuwa nayo. Mzungu mmoja wa misheni aliiacha alipohama, haikuenea kwenye gari. Aliacha na kitabu kilichokosa kurasa za mwanzo, nami nikajifunza anga kuanzia sura ya tatu. Mpaka leo sijui sura ya kwanza inasema nini, ila nyota hazijalalamika. Nikawaza: jicho la mama haliwezi kufika angani, lakini picha inaweza kufika puani kwake.

Shida ilikuwa mguu wa darubini. Bomba la darubini lilikaa katikati ya uma wa chuma wenye mikono miwili, kama mtoto aliyepakatwa. Kwa kutazama tu, ulitosha. Kwa picha, darubini lazima iifuate nyota dakika nyingi bila kuyumba, na uma ulazwe kuelekea pale anga yote inapozungukia. Kwa walioutengeneza huko Ulaya, mahali hapo pako juu. Kwetu pako chini, usawa wa migomba ya jirani, na chuma kile hakikukubali kulala kiasi hicho. Nikaamua kulitoa bomba kwenye uma, nilifunge kwenye gurudumu la baiskeli, ekseli ikilala kaskazini kwenda kusini, ili lizunguke pamoja na nyota. Gurudumu nalijua. Gurudumu ndilo linalonilisha.

Koku alikuwa ameenda kuchuma kahawa. Bolti zilikuwa nne, na ya mwisho ikifunguka lazima mtu awe amelishika bomba.

"Mbuzi," nikasema kwa sauti ya kusikika ndani, "nahitaji mikono miwili, na wewe una kwato."

Ukatoka ukipapasa ukuta. "Mbuzi, mwambie huyo fundi mama amezeeka macho, hajazeeka mikono. Tena mimi sioni, naye ageuke pembeni. Hapo mila inavunjika wapi?"

Ulisuka ngata mbili za majani makavu ya mgomba, kama zile za kubebea mzigo kichwani, ukaziweka mkekani ili bomba lisije likaviringika. Kisha ukalikumbatia kama mtungi wa maji. Nikageuza uso, nikafungua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne ilikuwa na kutu. Ilipoachia, iliachia ghafla. Bomba likateleza, kioo kikitazama sakafu, na mkono wangu ukaruka ukatua juu ya wako.

"Mwanangu, kaza!"

Ulimsahau mbuzi. Tulilishusha pamoja, taratibu, mpaka likatua juu ya ngata. Viganja vyako vilikuwa vikavu na vya moto. Kisha ukaingia ndani, mimi nikabaki na spana mkononi kama mwizi aliyekutwa nayo.

Mvua ilitunyima anga siku nne. Ya tano mawingu yakapasuka, nikafunga kamera ya kuazima kwenye darubini, nikawa nalisukuma gurudumu kwa bolti ndefu, kidogo kidogo, nawe mlangoni ndani ya blanketi ukinihesabia sekunde.

Mpiga picha wa Bukoba aliniambia, "Bwana, filamu yako imeungua. Nimekusafishia moja tu, kwa huruma." Ukakaa nayo uani saa sita mchana, puani kabisa. Ukungu mweupe, na mkia mfupi kama wa mwanambuzi. Kando yake nyota, kila moja imejikunja kama funza.

Ukaigeuza upande huu na ule. Nikadhani huoni kitu.

"Mbuzi," ukasema, na sauti haikuwa ile ya siku zote, "mwambie mwanangu nimeiona. Mama hakunidanganya." Halafu: "Na hivi vifunza?"

"Mbuzi, mwambie mama mkono wangu ulitetemeka."

"Si alinigusa!" Ukacheka mpaka ukashika mbavu.

Tangu siku ile "huyo fundi" hakutajwa tena.

Umelala mwaka wa saba sasa. Picha uliondoka nayo. Koku aliiweka kifuani pako. Bomba nililirudisha juu ya ngata, ambazo nazisuka upya kila kiangazi, vibaya. Uma umesimama ukumbini, mikono wazi. Koku huniambia, "Tulirudishe kwenye uma basi, nitakushikia." Namjibu meno ya bolti yameliwa na kutu. Ni uongo, mama. Bolti ni nzima. Sitaki tu mtu mwingine aniambie "kaza" pale uliponiambia wewe.

Juzi asubuhi nilimkuta uani mbuzi tuliye naye siku hizi, mjukuu wa yule wetu. Nikatazama huku na huku, nikamwambia, "Mbuzi, mwambie mama mikono bado inatetemeka."

Akaendelea kutafuna maganda. Ndipo nikaingia ndani kutafuta kalamu.

Mwanao,
yule fundi.