Mto Usio na Chumvi

Mjukuu wangu mpendwa Neema,

Pokea salamu zangu za heshima kutoka Tononoka. Sote tu wazima. Niwie radhi kwa kuchelewa kukujibu. Unauliza kama uandamane na wenzako kwenye milima ya Taita, nawe umezoea kuogelea baharini tu na waogopa mto wa huko.

Nenda, mjukuu wangu! Ujanani kwaya yetu ilizuru huko. Tulijitosa mtoni, nami kwa mbwembwe nikalala chali kama nilivyozoea Mombasa, nikazama! Msichana mwenyeji akacheka ukingoni:

“Kaka wa pwani, hapa hakuna chumvi ya kukubeba! Piga miguu!”

Nikapiga, nikaelea, nikashangilia. Tukapanda mlima tungali tumelowa, tukiimba.

Msichana huyo ndiye marehemu bibi yako. Mjomba wako Daudi anakuletea barua hii, pamoja na leso ya bibi ya kujifutia maji.

Babu yako