Herufi Kubwa za Baba

4 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima, kifua kimetulia, na hupandi tena ngazi kuchora mabango ya ghorofani kama kijana. Mimi ni mzima kiasi. Mimba ina miezi minne na inanipa kiungulia. Hotelini bado nimo chumba cha kufulia, napiga pasi mashuka mpaka miguu inakufa ganzi.

Nakuandikia kwa sababu simu yangu anayo mume wangu. Ukijibu tumia anuani ya hotelini, si ya nyumbani.

Baba, nina mambo mawili. La kwanza, sisali tena. Wewe ni mzee wa kanisa, lakini nakueleza bila kuficha. Nikipiga magoti naona kama naongea na ukuta. Mwaka mzima nimeomba nipewe subira, na hiyo kidogo niliyokuwa nayo inazidi kupungua.

La pili ni hili. Mume wangu ananipiga. Mara ya mwisho ilikuwa kwa sababu chai ilikuwa vuguvugu, na safari hii hakujali tumbo. Sasa amesafiri kikazi, atarudi baada ya wiki tatu. Nataka kujua: nije nyumbani kabla hajarudi, au nikae nimngoje? Utakalosema ndilo nitakalolifuata.

Binti yako Kasuku (ingawa siku hizi sisemi sana)


13 MACHI

MWANANGU KASUKU,

MARAHABA. MIMI SIJAMBO, NAKOHOA KIDOGO TU. NGAZI NAPANDA BADO, USINIZEESHE. UTANISAMEHE HIZI HERUFI, MIAKA AROBAINI YA MABANGO IMENIHARIBU MKONO, NDOGO SIZIWEZI.

BARUA YAKO IMENITOA MACHOZI. HUJAPOTEA, MAMA. IMANI HUKUA TARATIBU. UKIPAKA RANGI JUU YA RANGI MBICHI UNAVURUGA ZOTE MBILI. LAZIMA USUBIRI YA CHINI IKAUKE, NA HUKO KUKAUKA NDIKO UNAKOKUITA UKUTA.

KWA HIYO JIBU LANGU NI MOJA. MNGOJE BWANA. HATA AKIKAWIA ATAKUJA. USIONDOKE ULIPO WALA USINUNG'UNIKE. BWANA AKIKURUDI, JUA ANAKUPENDA. KAA KIMYA MBELE YAKE, UTAONA.

BABA YAKO


9 Juni

Baba,

Shikamoo. Hujambo na kifua? Samahani kwa kukaa kimya. Niko hospitalini. Mwandiko huu si wangu, ni wa mwenzangu tunayepiga naye pasi. Mimi nasema, yeye anaandika, kwa sababu mkono wangu wa kulia umefungwa plasta.

Barua yako niliisoma mara tatu nikiwa nimesimama. Begi nilikuwa nimeshalifunga. Nikalifungua, nikarudisha nguo kabatini moja moja. Nilisema, baba ameamua, nimngoje bwana, bwana wangu atakuja hata akichelewa.

Akaja. Nilikaa kimya mbele yake kama ulivyoagiza. Kwa wiki mbili alikuwa mtu wa watu, hata vyombo akaosha. Halafu akaikuta barua kwenye mkoba wangu. Aliisoma kwa sauti, akacheka, akaurudia ule mstari kwamba bwana akikurudi, yaani akikuadhibu, anakupenda. Akaniambia, "Hata baba yako anajua." Tangu siku hiyo alitembea nayo kwenye mfuko wa shati, na kila akimaliza kunipiga alikuwa akiigonga gonga kwa kidole.

Mtoto hayupo tena. Alikuwa wa kike.

Sikulaumu, baba. Ulijibu nilichouliza. Nimekosa tu mtu mwingine wa kumuuliza: nimngoje mpaka lini?

Kasuku


17 Juni

Mwanangu,

Sithubutu kukuuliza hali. Naandika herufi ndogo, nimechana karatasi sita kama mtoto wa darasa la kwanza, ili uone kitu kimoja. Bwana huyu ni Mungu. Na bwana huyu ni mumeo. Mimi niliandika yule wa kwanza. Kukurudi nilikokutaja ni kwa Mungu anayetunyoosha, si kwa ngumi za mtu. Nilijibu lile la sala tu, mwanangu, na mkono wangu ukawafanya wote wawili kuwa mmoja.

Ningeweza kuishia hapo nikasema ni kosa la herufi. Ningekuwa mwongo. Swali lako la pili nililisoma, nikaikunja karatasi. Niliwaona wazee wenzangu wananong'ona, binti wa mzee wa kanisa karudi kwao na tumbo lake. Nikajiambia nitalijibu kwenye barua nyingine. Nikakuhubiria subira kwa sababu mimi haikunigharimu chochote. Sasa nakuona umesimama na ile karatasi, begi limefungwa, na sipati pa kuficha uso.

Uzee wa kanisa nimeuacha. Mchungaji kaniambia niwe na subira na nafsi yangu. Nilitoka ofisini mwake bila kuaga.

Usimngoje yule mtu hata saa moja. Njoo nyumbani. Ukitaka nije kukuchukua, nakuja. Nijibu, mama, hata kwa mstari mmoja. Niambie pia kama unaweza kusali, kwa maana mimi siwezi.

Baba


2 Septemba

Baba,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama na kikohozi kimekuacha. Mkono umeunga, naandika mwenyewe. Barua zako nne za tangu Juni nimezipata zote. Sikuchelewa kujibu kwa kukukomoa, nilitaka kuandika kwa mkono wangu.

Yule mtu sikurudi kwake. Tangu nilipotoka hospitalini nakaa kwa mwenzangu, chumba kimoja, kitanda kimoja, tunalala mzungu wa nne, miguu yake kichwani kwangu, na anapiga mateke kama punda. Kazini wamenitoa kwenye pasi, sasa nakunja taulo.

Maelezo yako nimeyaelewa. Kukusamehe nimekusamehe, au nitakusamehe, sijui ni lipi kati ya hayo. Lakini nyumbani siji. Kila asubuhi ungenitazama usoni kuona kama leo nimekuwia radhi zaidi ya jana, na mimi ningelazimika kukuonyesha kitu. Sina hizo nguvu.

Unauliza kuhusu kusali. Najaribu, tena si kwa ajili yako. Mwenzangu akiingia zamu ya asubuhi hubaki peke yangu. Napiga magoti kando ya kitanda, nafumba macho. Sala zote ulizonifundisha zinaanza na Bwana. Nikilitamka tu, nasikia mtu anashika kitasa. Nanyanyuka, naenda kuangalia kama mlango nimeufunga, narudi, naanza upya. Tangu Juni sijafika neno la pili.

Binti yako