Mume Wangu Anaunguza Kahawa, na Jumamosi Wageni Wanakuja

Shikamoo Bibi. Nakuomba uniokoe mjukuu wako, maana yamenifika shingoni, na ukicheka nitakuelewa lakini mimi nimeacha kucheka siku nyingi.

Mume wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma, mgongo ulipomkatalia akaambiwa apumzike, akapumzika kweli, kutwa kalala kaelekea ukutani, ukimsemesha anajibu “mm”, basi asubuhi moja naamka namkuta jikoni anakaanga buni kwenye kikaango changu, nikafurahi mpaka machozi yakanilenga, akanimiminia kikombe, nikanywa, Bibi, ilikuwa chungu kama shubiri na moshi juu yake, ila nikaona anavyonitazama, nikasema, “Baba watoto, hii ndiyo kahawa!” Hapo nikajichimbia kaburi.

Tangu siku hiyo ni kahawa asubuhi, kahawa mchana, na cherehani yangu iko hapo hapo sebuleni, nguo za wateja zinanuka moshi mpaka mama mmoja kaniuliza kama gauni lake limenusurika moto, watoto wanakohoa, yeye kasimama penye kikaango buni zimeshakuwa makaa na anasema, “Bado, bado, hazijanukia,” nikimwambia zinaungua ananijibu, “Wewe shona, moto ndiyo kazi yangu,” kisha anasaga, anachemsha mpaka kifuniko cha birika kinaruka, na inayobaki anaipasha tena jioni! Changu namwaga kwenye sinki akigeuka. Juzi kaitia maziwa yaliyochacha, yananuka mpaka mlangoni, akanywa bila hata kukunja uso, nikasema huyu sasa ananikomoa.

Na sasa kawaalika wenzake wa karakana, Jumamosi waje kuonja kahawa yake. Bibi, wale nawajua, wana midomo kama misumeno. Wakiitema na kumcheka, mume wangu atarudi kitandani kuelekea ukutani, na safari hii sijui kama atageuka. Nimwambie ukweli nimvunje mimi, au ninyamaze wamvunje wao? Au nizifiche tu hizo buni?

Mshonaji niliyechoshwa na moshi

*

Marahaba, mjukuu wangu. Kucheka nimecheka, sikufichi. Halafu nikamwambia anayenisomea arudi pale kwenye maziwa, na kicheko kikaniisha.

Hebu na wewe rudi pale. Mtu anakunywa maziwa yaliyochacha hakunji uso. Nyumba imejaa moshi, watoto wanakohoa, yeye anasema hazijanukia. Na wewe, mwenye macho ya kutunga uzi kwenye tundu la sindano, ulichoona ni kukomolewa! Mwanangu, mumeo hasikii harufu. Anasimama pale anangoja harufu isiyomfikia, ndiyo maana buni zinafika makaa kabla hajaepua. Na huenda mwenyewe anajua na anaficha. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Leo hii mwambie afumbe macho, msogezee puani kipande cha sabuni, kisha ganda la chungwa, akutajie kipi ni kipi. Akijibu “mm”, jibu umeshalipata. Kama ni moshi wa vyuma, kama ni mafua yaliyomkaa, kama ni dawa za mgongo, mimi sijui, mimi si daktari. Mpeleke kwa daktari, tena upesi. Asiyesikia harufu hajui gesi ikivuja wala chakula kikichacha, na hilo halina mzaha, una watoto ndani.

Sasa tuje kwako, bibie. Sifa ulizompa siku ya kwanza zilikuwa huruma. Kumwaga kwa siri siku zilizofuata kulikuwa uvivu. Sinki lako limekunywa kahawa kuliko walinzi wa mkesha! Unamwonea huruma mtu huku unamwacha atembee na shati lililogeuzwa nje ndani? Huruma gani hiyo?

Utamwambia kabla ya Jumamosi. Usianze na “kahawa yako mbaya”. Muulize, “Baba watoto, tangu lini husikii harufu?” Kisha nyamaza. Ukishindwa, bana pini kwa meno kama unavyofanya ukishona. Atakasirika. Mwache akasirike, mwenye hasira hawezi kulala kaelekea ukutani.

Na kahawa, sikiliza. Pua haipo, masikio yapo. Buni zikiiva zinalia, pa, pa, kama vijiti vikavu vikivunjwa. Moto uwe mdogo, mkono usiache kukoroga. Kile kilio kikianza kupungua, aepue hapo hapo na kuzimwaga kwenye sinia azipepee, maana kikaango kina moto wake hata kikiwa chini. Rangi aitafute ya kahawia, kama kiatu cha ngozi kilichopigwa rangi vizuri. Akileta habari za “moto ndiyo kazi yangu”, muulize bati jembamba akilipiga moto mkubwa linafanya nini. Linatoboka, anajua mwenyewe.

Zilale mpaka kesho yake, na asage za kunywa wakati huo tu. Birika lisuguliwe mpaka ndani, hilo lina uchungu wa wiki nzima. Maji yachemke, ayaepue, yatulie kidogo, ndipo atie kahawa, afunike, aiache, achuje. Isirudi motoni tena! Iliyobaki imwagwe, na kumwaga huko kuwe mbele yake.

Kuonja ni kazi yako. Utasema imezidi au imepungua, na utasema kweli. Mtabishana. Vizuri, nyumba ilikuwa imepungukiwa na mabishano.

Buni usizifiche na wageni usiwafukuze. Waje. Awaambie kwa mdomo wake kwamba pua imemgomea, tena awape na wao ile sabuni na chungwa, maana wote wamevuta moshi mmoja, tuone nani atamcheka mwenzake. Kisha akaange mbele yao, huku wakinywa ya buni alizokaanga Ijumaa. Hiyo misumeno italazimika kunyamaza, maana mwenye nyumba anasikiliza buni. Wewe zima cherehani, kaa karibu naye, na kikombe chako ukinywe mpaka chini huku anakutazama. Kama si nzuri, mwambie hapo hapo.

Sinki nalo lipumzike.