Dakika Mbili za Eddo Halima

Garissa, Jumatano, 1966

Na bado sajini anacheka kila nikipita kizuizini pale barabarani.

Jumamosi alipuliza filimbi ya kafyu mapema, akamkamata shangazi yangu, Eddo Halima, akitoka mtoni, akamwaga maji yake yote. Nilimwonyesha saa yangu: zilibaki dakika sita.

"Mwalimu, hiyo ni saa ya wapiga mbizi," akasema. "Hapa Garissa utapiga mbizi wapi? Tena iko nyuma."

Kilichoniuma ni kwamba ilikuwa nyuma kweli. Niliinunua kwa bei nafuu Liboi, kule mpakani. Nilipoilinganisha na redio nikaona imechelewa dakika nne.

Nne, si sita! Mbili zilikuwa za Eddo.

Jumapili nilifungua kifuniko cha nyuma kwa bikari ya darasani, ile yenye ncha mbili, nikasogeza kale kajiti ka kuongeza mwendo, kiasi cha unywele tu, kisha nikaweka mishale sawa na redio. Siku tatu sasa haijachelewa hata dakika.

Eddo hataki. "Wallahi Yusuf, nyamaza. Maji nitachota tena."

Achote. Kesho jioni nitamngoja palepale kizuizini, saa mkononi, na sajini akigusa filimbi kabla ya wakati nitamsomea dakika kwa sauti, watu wote wasikie.

Naogopa, sikatai. Wapo waliochukuliwa kwa kosa dogo kuliko hilo. Lakini saa hii haitiwi ufunguo, hujijaza yenyewe mkono ukitikisika. Basi kesho, mbele ya sajini, haitasimama.