Misa ya Kadege

Jumapili, 3 Julai 1955

Kalenga leo. Nimerudi na vumbi hadi masikioni, sijui nianzie wapi.

Tulikuwa watatu: mimi, Paskalina na bibi yake, Bibi Lusia. Bibi ndiye aliyetaka. Tangu fuvu la Mtwa Mkwawa lirudishwe kutoka Ulaya mwaka jana, Iringa nzima imekwenda kuliona isipokuwa yeye — na yeye amezaliwa ndani ya ngome ile! Kila Jumapili ana sababu. Mguu. Upepo. Kuku wanaatamia. Leo akajifunga kaniki mpya, akasema twendeni kabla sijaghairi.

Njiani Paskalina kaninong'oneza: usimwambie bibi kwamba wewe ni Msangu. Siyo sasa. Posa ipite kwanza. Nikacheka. Kihehe changu ni safi, wengi hudhani mimi Mbena. Sikuona ubaya.

Ngome yenyewe — nilitarajia makubwa. Ni tuta la udongo lililoota nyasi. Pengine linafika gotini, pengine watu wamelima mahindi juu yake. Mzee Kasian, mtunzaji wa nyumba ya makumbusho, alituonyesha kwa fimbo: hapa lango, pale nyumba za wake wa Mtwa, kule mtoni, na mlima ule ndiko Wadachi, Wajerumani wale, walikopigia mizinga. Bibi Lusia hakumsikiliza. Alitembea peke yake, anapima kwa hatua, akasimama katikati ya shamba la mtu. "Hapa ndipo mama alipokuwa anasagia."

Ndani, fuvu limo katika sanduku la kioo. Dogo kuliko nilivyodhani. Pembeni mikuki, ngao, bunduki za zamani. Bibi akapiga magoti akamsalimu Mtwa kama mtu aliye hai. Paskalina akalia. Mimi nilitazama ngao. Mzee Kasian akaeleza kwamba Wadachi hawakuja peke yao, walikuwa na watu wa makabila ya jirani, na Wasangu wamo. Alisema bila chuki yoyote. Kisha akaniletea kitabu cha wageni. Jina. Kabila. Niliandika Mbena.

Mkono wangu mwenyewe! Babu yangu alikuwa ruga-ruga, askari wa kukodiwa wa Wadachi. Aliingia Kalenga siku ile. Kwetu tumefundishwa kujivunia.

Lakini si hilo. Hilo ningelimeza.

Tulipotoka, Bibi Lusia alikaa juu ya tuta, akaanza kusema bila kuulizwa. Kwamba walikuwa wawili kwa mama yao, yeye na mdogo wake Kadege. Mizinga ilipoanza, mama akawaambia wakimbilie mtoni.

"Tulipofika langoni nikakumbuka kibuyu cha samli. Mama alinikabidhi mimi. Nikaogopa kupigwa. Nikamwambia Kadege, wewe una miguu myepesi, rudi ukakilete." Akang'oa jani, akalisokota. "Akarudi. Sikumwona tena. Mimi ndiye niliyemrudisha."

Miaka sitini hajaonja samli.

Hadithi hii naijua! Naijua kwa upande wa pili. Bibi yangu mzaa baba, Bibi Damari, kule Utengule kwetu Usangu, alikuwa akitusimulia tukiwa watoto: "Babu yenu alichukua kibuyu cha samli kwanza, mimi baadaye." Tulicheka, tulidhani ni mzaha. Kihehe hiki nimefundishwa na yeye. Na jina lake kabla ya ubatizo ni Kadege.

Yuko hai. Pasaka nimekula kwake.

Sikusema neno.

Jumatatu, 4 Julai

Chanjo ya sotoka, Kidamali. Ng'ombe wengi. Sindano mbili nimezipiga hewani. Tadeo, mwenzangu wa kazi, kaniuliza kama naumwa. Nimesema malaria.

Jumatano, 6 Julai

Niandike kwa nini sikusema, walau hapa nisijidanganye.

Nikisema, Bibi Lusia na Bibi Damari ni ndugu wa tumbo moja. Kwa hiyo Paskalina ni dada yangu. Kwa Wahehe hivyo, kwa Wasangu hivyo hivyo. Wajukuu wa ndugu wawili hawaoani, hakuna mzee wa kulibishia hilo. Posa tumeipanga tarehe kumi na tatu Agosti. Miaka miwili nimemngoja Paskalina. Alikataa mwalimu mwenye baiskeli kwa ajili yangu.

Nisiposema, hakuna anayejua. Wawili hao wamekaa miaka sitini bila kujua. Hawatakufa kwa kutojua.

Nimesoma tena niliyoandika. Ni maneno ya mwizi.

Jumapili, 10 Julai

Chakula kwa akina Paskalina. Kande. Bibi Lusia kanikalisha karibu yake. Anasema tangu Kalenga halali vizuri. Amesikia kazi yangu hunipeleka mpaka Usangu.

"Mjukuu wangu, wale waliochukuliwa wengi walipelekwa huko. Niulizie. Kama kuna mzee anayekumbuka mtoto wa kike Kadege, mwenye mwanya, mkaidi kidogo."

Nikasema nitauliza. Nilisema haraka, kama mtu anayetema kitu cha moto. Paskalina akanishika mkono chini ya meza!

Mwanya bado upo. Meno mengine ndiyo yameondoka.

Jumanne, 19 Julai — Utengule

Lori la mifugo lilinishusha saa nne asubuhi. Bibi Damari uani, anapepeta mpunga. Akaniita mume wangu kama kawaida yake, akaniambia nimekonda, huyo mke mwenzake wa Iringa hapiki?

Nikamwambia nimefika Kalenga. Ungo ukasimama.

Ukuta upo? Tuta tu, bibi. Na bwawa la ng'ombe? Sikuliona. Akauliza habari za mto, mlima, njia ya upande wa zizi. Kisha:

"Na watu?"

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi yangu ya kusema. Mlango wazi kabisa. Nikasema: "Wazee wa wakati ule wamekwisha, bibi."

Akatikisa kichwa, akarudia kupepeta. Baadaye akasema, huku hanitazami, kwamba alikuwa na dada. Dada alimwagiza arudi kwa njia ile ile ya langoni. Yeye akapita upande wa zizi ili aone mizinga. "Kule ndiko nilikokamatwa. Ningemsikia, ningefika. Siku zote nawaza alinifuata kunitafuta wakamuua. Angekuwepo ningemwambia kosa lilikuwa langu."

Nilikwenda nyuma ya nyumba nikapasua kuni zake zote. Akanikorogea uji.

Jumatano, 20 Julai

Wazee wamekwisha. Nani aliyewamaliza? Mimi.

Babu alimkamata mtoto wa miaka tisa. Nimekuwa nikijiambia hayo ni mambo ya babu, vita, dunia ya zamani. Sasa mimi nimemfungia mlango mara ya pili — na mimi sina vita.

Jumapili, 24 Julai — Iringa

Bibi Lusia alikuwa ananisubiri njiani! Mama mtu mzima, jua kali, amesimama pale kona ya misheni.

"Umeuliza?"

"Nimeuliza, bibi. Hakuna anayemjua."

Nilidhani atalia. Hakulia. Aliniinamia, akanishukuru mara tatu. Akasema hakuna mtu aliyewahi kumtafuta Kadege, mimi ni wa kwanza. Akasema alikuwa hathubutu kumwombea kama marehemu, maana ukimwombea hivyo umemzika. Sasa anaweza. Atakwenda kwa padre kuomba Misa.

Kisha akanipa jogoo. Jogoo wake mweupe, kamfunga miguu mwenyewe. Paskalina anang'aa. Anasema, umeona bibi anavyokupenda?

Jogoo yuko uani kwangu. Siwezi kumchinja, siwezi kumrudisha.

Jumatano, 27 Julai

Nimemwambia Tadeo. Ilibidi nimwambie mtu.

Anasema ninyamaze. Anasema vikongwe wamekwisha kuzoea, mioyo yao itapasuka bure. Anasema, oa kwanza, watoto wakishapatikana ukweli hauna kazi. Tadeo ni mtu mwema, amenisaidia mengi. Nilimsikiliza nikajiona mimi mwenyewe nazungumza, sikujipenda.

Jumamosi, 30 Julai

Misa saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mimi Mlutheri, nikakaa benchi la mwisho. Kilatini, padre na joho jeusi, baridi ya kukata masikio. Watu kumi na wanne hivi, majirani wote. Bibi Lusia mbele, mgongo umenyooka kama msichana.

Padre hakulitaja jina. Paskalina alinieleza nje: kwa kuwa mtoto yule hakubatizwa, padre aliona heri aombe tu kwa ajili ya ndugu wa Lusia aliyepotea.

Amebatizwa! Damari! Anaimba tenzi kila asubuhi mpaka majirani wanalalamika! Nilitaka kupiga kelele mle ndani. Badala yake nilipiga magoti walipopiga magoti. Wamemwombea pumziko la milele mtu ambaye saa ile ile anawasha moto wake Utengule.

Baada ya Misa Bibi Lusia alirudi nyumbani, akajilaza. Kasema kazi yake imekwisha.

Jumanne, 2 Agosti

Bado amelala. Haumwi, hana homa. Dresa kaja kumpima, haoni kitu. Anakunywa maji tu. Akiambiwa ale anasema, mwacheni mtu apumzike, mdogo wangu ameshatangulia.

Paskalina alikuja ofisini macho yamevimba. Anauliza kama tuiwahishe posa. Kasema: "Bibi anakuamini wewe. Njoo umwambie ale."

Nilikwenda. Nilikaa kwenye kigoda kando ya kitanda chake na kibakuli cha uji, akala vijiko viwili kwa kuniheshimu tu. Cha tatu akageuza uso.

Nimeomba ruhusa ya siku tatu. Nimesema ni msiba. Uongo mwingine — au labda siyo uongo.

Alhamisi, 4 Agosti — Utengule

Nimesema.

Nilisema nimesimama, kofia mkononi, kama niko mbele ya baraza. Yote. Kwamba dada yake yuko hai, anaitwa Lusia, alifika mtoni siku ile, hakumfuata, hakuuawa. Kwamba anajilaumu. Kwamba nilijua tangu mwezi uliopita na nilimdanganya hapa hapa uani. Kwamba wamemsomea Misa ya wafu.

Hakupiga kelele. Alikaa chini polepole.

"Nilikuuliza," akasema. "Nilikuuliza, na watu?"

"Ndiyo, bibi."

"Nikakupa uji."

Basi. Hakunitukana. Ningependa anitukane.

Akaingia ndani, nikamsikia anafungua sanduku. Akatoka na shuka na kitambaa cha kichwa, akauliza basi la Iringa ni siku gani. Nikasema kesho kutwa. Akauliza, kwa nini basi ulikaa kimya? Una ugomvi gani na mimi? Nikamwambia kuhusu Paskalina. Kwamba ni mjukuu wa Lusia.

Hapo akaelewa. Akaweka shuka chini. Nilidhani atanionea huruma, na kweli alinionea, niliiona usoni mwake, lakini hakuitoa.

"Basi umepata dada," akasema. Akaanza kukunja shuka.

Jumamosi, 6 Agosti — Iringa, stendi

Naandika hotelini kwa Juliana, hapa mkabala na stendi. Kalamu inaruka, meza mbovu.

Safari nzima Bibi hakulala. Makambako alishuka akanawa uso, akarudi ndani. Tulipoingia nchi ya Wahehe alianza kutaja vitu kwa Kihehe kimoja kimoja: kilima, bonde, mti ule, ng'ombe wale. Kwa sauti ndogo, kama anayejaribu funguo. Mara moja tu aliniambia kitu: "Akiwa amekwisha kufa tukifika, jambo hilo utalibeba mwenyewe. Mimi sitakusaidia."

Niliwapelekea akina Paskalina simu ya maandishi jana: nakuja na bibi yangu. Maneno hayo tu. Sikuweza zaidi.

Paskalina alikuwa stendi tangu saa sita. Gauni la bluu. Bibi Lusia yu hai, kanywa maziwa kidogo asubuhi — hilo ndilo la kwanza nililouliza, na Paskalina alinipenda kwa kuuliza. Kisha akapiga magoti pale pale vumbini mbele ya Bibi Damari. "Kamwene, bibi."

Anadhani amekuja kwa ajili ya posa! Anadhani nimemleta mkubwa wa nyumba yetu mapema ili bibi yake afurahi. Ananitazama kama mtu aliyefanya jambo jema.

Bibi alimwinua. Akamshika uso kwa mikono miwili, akamgeuza kwenye mwanga, akakaa naye hivyo mpaka watu wakaanza kutazama. Aliniangalia mimi. Hilo ni lako, macho yake yalisema.

Tumeingia hapa kupata chai huku gari la misheni litakalotupeleka kwa Bibi Lusia linajaza mafuta. Robo saa, dereva kasema. Bibi amekaa mbele yangu na kifurushi mapajani, hataki kukiweka chini. Paskalina amekwenda mwenyewe jikoni kuchukua vikombe, hataki mgeni wake asubiri. Namsikia anamwambia Juliana, yule ni mama mkwe wangu mkubwa, tia sukari ya kutosha.

Bibi kasikia pia. "Weka hicho kitabu," ananiambia.

Anakuja. Vikombe vitatu, anatembea polepole asimwage, anacheka. Nafunga kitabu; nitamwambia kabla chai haijapoa.