Santuri ya Ezell Gatlin

Alhamisi, 3 Juni 1965

Joto la kukaanga mtu. Saa nne asubuhi gari lenye namba za Massachusetts, huko kaskazini, limesimama mbele ya duka langu la kunyoa. Vijana wawili wa kizungu. Mmoja anaitwa Whitlock, ana nywele za kufunika masikio. Mwenzake mwenye miwani hasemi, anaandika tu. Wateja wangu macho chini! Mzungu akishuka mtaa wetu ni polisi au amepotea njia.

Kumbe wanamtafuta Ezell Gatlin. Ezell! Aliyerekodi santuri moja Memphis mwaka 1930, kisha akaokoka, akauza gitaa. Sasa ni shemasi, anaendesha trekta ya watu na kunuka dizeli hadi kanisani.

Whitlock akaona gitaa langu ukutani. La umeme, jekundu. Akakunja pua. Akasema kwa upole kabisa kwamba wao wanatafuta bluzi ya kweli, ule muziki wetu wa huzuni wa gitaa.

Ya kweli! Miaka ishirini na mitatu nawachezesha watu wa mji huu wa Tolliver kila Jumamosi mpaka soli zinabanduka. Hiyo nayo ilikuwa nini, ya uongo?

Ningesema Ezell kafa, wangeondoka. Nikawaelekeza kwake. Bwege mimi. Nilidhani wataniomba nipige hata wimbo mmoja.

Ijumaa, 4 Juni

Nimewapeleka mwenyewe. Nilitaka kuona aibu yake kwa macho yangu. Lavinia, mkewe, akatoka na kitambaa cha vyombo mkononi. Hakukaribisha mtu. Akanitazama mimi tu: Hosea Tillery, umeniletea nini mlangoni?

Whitlock akamshika Ezell mkono kwa mikono miwili. "Bwana Gatlin," akasema. Bwana! Ezell ana miaka sitini na sita na hakuna mzungu wa huku aliyewahi kumwita hivyo. Mzee wa watu akaanza kutetemeka kidevu. Nikaangalia pembeni, si kwa huruma, nilikuwa nacheka.

Wanataka kumpeleka tamasha kubwa kaskazini mwezi ujao. Maelfu ya watu. Lavinia akasema neno moja, benchi. Yaani benchi la mashemasi. Maana kwetu anayerudia nyimbo zile lazima asimame mwenyewe mbele ya kanisa aseme, kisha akakae nyuma kabisa, kwa wasiookoka.

Ezell kaomba siku mbili.

Jumapili, 6 Juni

Kasimama!

Baada ya matoleo. Suti yake nyeusi, ile ya mazishi. Kasema, "Ndugu zangu, narudi kupiga bluzi." Basi. Akatembea toka benchi la mbele hadi la nyuma, na viatu vinalia kwii, kwii. Lavinia hakugeuka. Mchungaji akaendelea na wimbo kana kwamba kapita paka.

Nilijificha nyuma ya kitabu cha nyimbo, mabega yakitikisika kwa kicheko. Mama mmoja akadhani nalia, akanipa leso.

Jumatatu, 7 Juni

Wamemletea gitaa la mbao, lisilo umeme, na gramafoni. Na mimi wamenipa kazi ya kumkumbusha! Nyimbo zake mwenyewe!

Vidole vigumu kama misumari. Nikamcheka usoni. Akaendelea tu. Wakaweka santuri yake ya Memphis. Sauti nyembamba, ya haraka haraka, kama kijana anakimbizwa na mbwa. Ezell akainamisha sikio. Akasema, "Sijawahi kuimba hivyo. Walinikimbiza."

Vijana hawakuelewa. Mimi nimeelewa. Mwaka 1931 alikaa mbele ya duka hili hili, enzi za baba yangu, akatusimulia huku anacheka. Kwamba mashine ya Memphis siku ile ilikuwa mbovu, ilizunguka polepole wakati wa kurekodi, kwa hiyo santuri ikipigwa inakwenda mbio na sauti inapanda. "Wamenifanya mtoto," alisema. Baba alicheka mpaka akamkata mteja.

Waliosikia siku ile wamekufa wote. Nimebaki mimi.

Jumatano, 9 Juni

Leo kawapigia. Siku mbili tu za mazoezi na vidole vimerudi.

Naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma. Ilikuwa yenyewe. Polepole, nzito, sauti inatoka chini ya mbavu. Nilimchukia sana.

Alipomaliza, vijana wakatazamana. Whitlock akapuliza kifilimbi chake cha kupimia sauti. Akaweka santuri, akapuliza tena. Haziendani. Ya Ezell iko chini mno, tena inajikokota. Akauliza kwa adabu, unajua ile adabu ya daktari mwenye habari mbaya, kama ana hakika ndiye aliyerekodi. Maana Gatlin ni wengi.

Ezell akasema, "Ni mimi. Mashine ndiyo mbovu." Whitlock akatabasamu. Kisha wote watatu wakanigeukia. Bwana Tillery, wewe unakumbukaje?

Ezell alinitazama bila wasiwasi wowote. Alijua nitasema.

Nikasema zamani sana, na ni kweli kina Gatlin walikuwa wengi.

Halafu nikachukua gitaa mapajani mwake. Yule hakulishika, aliliachia tu. Nikapiga wimbo ule ule kama ulivyo kwenye santuri, mbio, sauti juu, kila kikohozi mahali pake. Ndivyo nilivyojifunza, kwa santuri, nikiwa na miaka ishirini. Ungewaona! Mwenye miwani aliacha kuandika. Whitlock alikuwa na machozi.

Alhamisi, 10 Juni

Wamekuja dukani peke yao. Hadithi wamejitungia wenyewe: kwamba aliyerekodi ni mimi, nikatumia jina la jirani kukwepa mkataba. Wakaniuliza, ni hivyo? Nikasema, "Nyinyi mmesoma." Wakachekelea kama wamepewa peremende.

Miaka yangu haikuwasumbua, ingawa mwaka ule wa 1930 nilikuwa mtoto. Wamesema sura imetunzwa na shida!

Ila suti yangu ya kijivu hawaitaki. Wanataka ovaroli ya shambani. Gitaa jekundu libaki. Na je, nimechuma pamba? Sijachuma tangu nina miaka tisa, baba alikuwa kinyozi. Nikasema nimechuma mpaka kucha zikang'oka. Na jela? Nikawapa ya Ezell, miaka minne kwenye gereza la shamba. Na mke aliyekufa akijifungua? Nikawapa wa Ezell pia, yule wa kwanza, kwa jina lake kabisa, Arletha. Mwenye miwani akauliza jina linaandikwaje. Nikamtajia herufi moja moja.

Nilijisikia vizuri. Niseme ukweli, nilijisikia vizuri sana.

Jumamosi, 12 Juni

Ezell kaja kunyolewa. Duka limejaa. Wakamchokoza: "Shemasi! Eti mbinguni umejiuzulu na duniani hawajakuajiri?" Vicheko. Mwingine akaimba kwa sauti ya mtoto, kama ya kwenye santuri. Ezell kakaa kwenye kiti, kafumba macho.

Nikampaka povu. Akanena taratibu, mimi tu nisikie. "Hosea, ndugu yangu, waambie kuhusu ile mashine. Nilikusimulia hapa hapa. Kanisani sina kiti, Lavinia ananiwekea chakula mlangoni kama mbwa. Sina kitu kingine."

Nikamwambia asitikise taya, nitamkata.

Nilimnyoa vizuri. Nikamwekea na taulo ya moto. Alipoondoka alisema ahsante.

Jumanne, 15 Juni

Ndiyo siku ya safari. Naenda mimi kaskazini badala ya Ezell, nikae huko mpaka tamasha la mwezi ujao. Gari liko nje. Mashine ya kunasia sauti iko mezani dukani, inazunguka. Whitlock anataka ushahidi mmoja kabla hatujaondoka. Kachomoa karatasi, nakala ya daftari la kampuni ya santuri. Siku ile Memphis Gatlin aliimba nyimbo tatu, si mbili. Wa tatu haukutoka kamwe. Hakuna binadamu aliyewahi kuusikia. Jina lake tu ndilo lipo: Ndoo Isiyo Kitako.

"Tupigie huo, Bwana Gatlin." Ndilo jina wanaloniita sasa.

Siujui. Sijawahi hata kusikia jina!

Nikasema ngoja nivae ovaroli. Nimeingia chumba cha nyuma, nikafunga pazia. Jasho mpaka kwenye soksi. Ezell alikuwa amesimama mlango wa uani, kofia mkononi. Sijui alikuja kuaga au kuniona nikianguka. Nikamvuta ndani. Nikamwambia nifundishe. Sikuomba msamaha, nilisema tu nifundishe, haraka.

Akaketi juu ya ndoo ya mkaa.

Ananifundisha. Karatasi nyingine sina, maneno nayaandika humu humu.

*Nilichota maji kutwa, ndoo haina kitako,*
*nikafika nyumbani na kishikio mkononi.*

Anaimba kwa kunong'ona, anagonga goti. Ubeti wa pili anautafuta. Au anautunga? Namuuliza, ndio wenyewe huu? Anasema, "Andika." Namtazama machoni na sioni kitu. Anaweza kunipa wimbo wa watoto, anaweza kunipa tusi, nikaenda kuliimba mbele ya maelfu.

Na niupige vipi? Mbio kama santuri, au chini kama yeye? Santuri ya huu haipo. Namuuliza mara mbili. Anasema kila mtu hupiga kama alivyo.

Nguo sijabadilisha bado.

Whitlock anaita kutoka dukani, "Bwana Gatlin! Uko tayari?"

Tumeitika wote wawili.

Kiti kimesogezwa dukani. Anakuja, naona viatu vyake chini ya pazia, na Ezell hajainuka, anaendelea kugonga goti na sauti anaipandisha, hanong'oni tena —